Nani anajua uko wapi wakati wa magharibi? Kisa cha kijana mmoja wa Lamu na wanaume waliomshika

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu manake na mimi nimo ndani yake, na sehemu yangu sio nzuri. Mamake kijana amenipa ruhusa nikieleze, na kijana mwenyewe nilimsomea kabla, akanikatiza mara mbili kunisahihisha kisha akasema haya andika. Majina sitaji, Lamu ni ndogo, ukitaja mtaa na jina la baba bas kila mtu ashajua. Nitamwita Mwanagenzi, manake ndivyo fundi wake alivyokuwa akimwita miezi ya mwanzo kabla hajaanza kumwita kwa jina lake.

Mwaka 2020 alikuwa kidato cha kwanza na mimi nilikuwa mwalimu wake wa hesabu. Shule zikafungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona na darasa lake halikurudi mpaka Januari 2021, hebu fikiria, miezi tisa na zaidi mtoto wa miaka kumi na nne hana pa kwenda asubuhi. Nyumbani mama peke yake na watoto watatu, yeye ndiye wa kwanza. Baba yuko Mombasa, ameoa huko, simu yake ni ya idi mpaka idi. Mama anauza mahamri na mbaazi alfajiri na mwaka huo wageni walikatika kabisa, mahoteli yamefunga, wale vijana wa boti za watalii wamekaa barazani mikono mapajani, kwa hivyo hata wa kununua mahamri walipungua. Mama anaamka saa tisa usiku kukanda unga, ikifika jioni macho hayafunguki tena. Sasa hapo ndio mtoto anatoka.

Akaingia maskani, yani kijiweni. Watu wengi wakisimulia visa kama hivi hupita hapa mbio, eti akapata marafiki wabaya, wakaendelea. Mimi nataka tukae kidogo, manake nilimuuliza baadaye kule maskani kulikuwa na nini, na jibu lake limenikaa mpaka leo. Alisema, mwalimu, wao walikuwa wananiuliza nimekula. Na nisipoonekana siku mbili waliuliza niko wapi. Na walinipa kazi, wakaniamini nayo. Hiyo kazi ilikuwa kupeleka vifurushi mpaka Shela, hilo tulijua baadaye. Lakini angalia hayo matatu: umekula, ulikuwa wapi, shika hii nakuamini. Ndio yale yale mtoto anayotaka kwa mwanamume mzima aliye karibu yake, na katika mji mzima wenye wajomba, maami, walimu na maimamu, waliompa hayo matatu kwa wakati ule ni watu wa maskani. Walianza na muguka, ikaja bangi, na unga, yani heroini, ulikuwa ushafika mezani, wenzake wawili washaanza kuvuta. Yeye anasema hakuwahi kuugusa wakati huo na mimi namuamini.

Sisi tulifanya nini? Tulimpa mawaidha. Wazee walimkalisha mara mbili, mara ya pili walikuwa watu sita na yeye mmoja, kila mtu anamwambia afikirie mamake. Alikuwa anaitikia tu, naam, naam, mato (macho) chini, akitoka hapo anarudi maskani. Sisemi mawaidha hayana kazi, lakini mawaidha ni kwa mtu ambaye ashakuwa na wewe, ukimpa mtu asiyekuwa na wewe ni kelele.

Na hapa ndio naingia mimi. Nilimwonea huruma kikweli, nikamwambia kila Jumamosi baada ya alasiri tukutane Mkunguni mbele ya ngome, aje na daftari, tutafanya hesabu kidogo kisha tupige stori. Alikuja. Jumamosi tano mfululizo alikuja kabla yangu, nguo safi, daftari mkononi. Jumamosi ya sita sikwenda. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, tumekesha naye, nikasema moyoni atanielewa, wala simu sikupiga. Ya saba pia sikwenda. Nikaja kuambiwa na muuza kahawa wa pale kuwa yule kijana alikaa na daftari lake mpaka adhana ya magharibi, Jumamosi zote mbili. Wiki hiyo ya pili ndio alichukua pesa za mamake za unga wa ngano na mafuta, akiba yote, akalala nje siku tatu.

Kuna utafiti wa Marekani wa Grossman na Rhodes, wa 2002, waliwaangalia vijana waliopewa mtu mzima wa kuwa nao kupitia ule mpango wa Big Brothers Big Sisters. Wale waliodumu na mtu wao mwaka mmoja na kuendelea ndio waliofaidika zaidi. Lakini wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu, thamani waliyojiona nayo ilishuka. Nilipousoma nilifunga simu nikakaa kimya. Mtoto ambaye babake ashamwacha, mimi nilimfundisha mara ya pili kuwa wanaume huahidi kisha hawaji. Kwa hivyo nikiwaambia vijana wa misikiti na wa vikundi msianze na mtoto kama hamna mwaka wa kumpa, sio maneno ya kitabuni hayo.

Aliyemshika kwanza ni mjomba wake, na huyu mjomba hakuna mtu Lamu ambaye angemchagua awe mfano wa kuigwa. Mvuvi, ana madeni, miraa anatafuna yeye mwenyewe, shule aliachia la nne. Labda ndio maana hakumpa mawaidha, alijua hana mdomo wa kuyasema. Alichofanya ni kitu kimoja. Kila magharibi, akitoka msikitini, alimpigia simu dadake akauliza neno moja tu, yuko? Akiambiwa yuko, anakata. Akiambiwa hayuko, anachukua tochi anazunguka mji, vichochoro vyote, mpaka ampate, na akimpata hamgombezi wala hampigi. Anamwambia twende, wanarudi wote, anamfikisha mlangoni anaenda zake. Mwanagenzi anasema mara ya kwanza aliona aibu mbele ya wenzake, mara ya tano alikasirika akamtusi mjombake, mara ya kumi na kitu akawa anakaa pale maskani anasikiliza kama anakuja. Hilo la kusikiliza ndilo nataka mlishike.

Yote haya yaliwezekana kwa sababu ilikuwa kusi. Miezi hiyo bahari inachafuka, mashua ndogo haitoki nje ya mwamba, mvuvi anashinda nchi kavu anashona nyavu. Mjomba alijua kaskazi ikiingia atakuwa baharini siku nne siku tano, na nani atauliza yuko? Hakungoja siku ifike. Mwezi wa Septemba akamchukua mpaka Matondoni kwa fundi anayemtengenezea mashua yake, ambaye tena anamdai, akamwambia nina mtoto wa dada yangu, mpe kazi, usimlipe, ila mchana wote awe mbele ya mato yako na jioni ukimtia kwenye boti unipigie simu, na mimi nikiwa sipatikani mpigie mamake. Kabla ya kwenda alikuwa ashamuomba ruhusa dadake, na mama alikwenda mwenyewe Matondoni siku ya kwanza akaona kiwanja, akaona watu, akarudi.

Kwa asiyejua, Matondoni ni kijiji upande wa pili wa kisiwa hiki cha Lamu, na mafundi wa majahazi wa huko wanajulikana pwani yote. Hakuna ramani ya karatasi, fundi anaweka mkuku, ule uti wa chini wa chombo, anasimamisha mataruma, zile mbavu zake, anapima kwa jicho na kamba. Kiwanja chenyewe kiko wazi ufukweni, mtu yeyote anapita, na mafundi na wasaidizi ni kama wanane kwa siku, wazee kwa vijana.

Miezi miwili Mwanagenzi hakushika tezo, lile shoka la kuchongea mbao. Kazi yake ilikuwa kuzungushia pamba kwenye vichwa vya misumari, kuchovya kwenye mafuta pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, kushika kamba ya keekee fundi anapotoboa. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, ilimganda mpaka mamake akawa anamwekea maji ya kuoga nje. Fundi haongei. Akikosea anaambiwa ndoo (njoo), weka mato, fundi anafanya taratibu mara moja mbele yake, kisha anaifumua anamwachia afanye. Kijana anasema siku nzima huenda asiambiwe maneno ishirini, lakini hakuwahi kukaa mahali akaangaliwa namna ile, yani kuangaliwa kwa sababu kazi yako ikiwa mbovu watu wazima watazama.

Sasa kuna siku moja ambayo kwangu ndio kitovu cha kisa chote. Mwanzo wa 2021 walimaliza mashua ya mtu wa Kizingitini, na mstari mmoja wa kalafati upande wa tezi, yani nyuma ya chombo, alipewa Mwanagenzi peke yake, kwanza mpaka mwisho. Wakangoja bamvua, maji makuu yakaja, wakaishua, watu wanaimba, mwenye chombo yuko ndani na wanawe. Haikupita nusu saa, maji yanaingia. Upande wa tezi. Mwenye chombo akaja juu, nani aliyefanya hapa, mimi nimelipa pesa yangu! Kijana ananiambia alijua pale atakabidhiwa yeye, alishaanza kuangalia njia ya kukimbilia, manake maisha yake yote kukitokea kosa anaitwa yeye. Fundi akasema, kazi ni yangu, ipandishe nitaitengeneza. Bas. Hakumtazama kijana, hakuongeza neno. Chombo kikapandishwa, watu wakaondoka, akabaki na Mwanagenzi, akampa patasi na nyundo akamwambia fumua yote. Sio pale palipovuja, yote. Wakafanya wawili kwa taa mpaka karibu na isha, mama amepigiwa simu, mjomba akaja na mashua kumchukua.

Nimesikia watu wakigawa wanaume mafungu mawili, mkali na mpole, kisha wanabishana mtoto anahitaji yupi. Pale palikuwa na nini? Mbele za watu alimfunika, walipobaki wawili hakumpunguzia hata uzi mmoja. Mtoto akajua vitu viwili kwa wakati mmoja, kwamba kosa lake ni kosa la kweli na linarekebishika kwa mikono yake, na kwamba kuna mwanamume aliyekubali kuaibika kwa ajili yake. Wengi wetu tunafanya kinyume, mbele za watu tunamtolea ukali ili tuonekane walezi, tukiwa naye ndani tunamwachia. Tangu siku hiyo maskani hakurudi kwa mwaka mzima, na hakuna aliyemkataza.

Shule ilipofunguliwa Januari hiyo alikuwa hataki kurudi, ashapata kazi anayoipenda. Fundi, ambaye hakusoma ila chuo cha Kurani tu juzuu zake, akamwambia siku za shule sikutaki hapa, ndoo Jumamosi na likizo, ukitoroka darasani na hapa usije. Kwa hivyo karudi kwa sababu ya jahazi. Sisi walimu tulikuwa tumemwandikia mamake barua tatu.

Msifikiri ilikwenda moja kwa moja. 2022 mmoja wa wale wenzake wawili wa maskani alifariki, na Mwanagenzi akapotea. Siku tisa. Simu imezimwa, mama hali hanywi. Mjomba alipanda boti mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, akachukua basi, akamtafuta Malindi manake ndiko yule mwenzake mwingine alikokuwa ameenda. Alimkuta, na unga ashauonja huko, mara mbili kwa maneno yake mwenyewe. Nilimuuliza mjomba ulimwambia nini, akanijibu nilimwambia twende. Neno lile lile la vichochoroni. Yule mwenzake alikuwa ashazama zaidi, lakini Malindi hospitalini wanatoa methadoni, dawa ya kuwasaidia waliozoea unga, tangu 2015 na mjomba kabla hajapanda basi la kurudi alimfikisha pale naye akaandikishwa, mtoto wa watu, si wa kwao. Mpaka sasa anaendelea na dawa.

Waliporudi, Matondoni hakuna aliyesema kitu. Tezo lake, wakati huo ashapewa lake, lilikuwa limenolewa na kuning'inizwa mahali pake. Mzee mmoja pale kiwanjani, sio fundi wake, mwingine kabisa, alikuwa amelinoa kila siku zile tisa. Hapa ndio naona watu wanakosea wanaposema tumtafutie mtoto mtu mmoja wa kuigwa. Angekuwa na mjomba peke yake, kaskazi ingemmaliza. Angekuwa na fundi peke yake, nani angekwenda Malindi? Raj Chetty na wenzake walitoa uchambuzi mkubwa 2018 huko Marekani, wakaona wavulana weusi wanaokulia mitaa ambayo akina baba weusi wengi wapo majumbani wanafanya vizuri zaidi wakikua, na hata yule ambaye nyumbani kwake baba hayupo anafaidika. Ni mambo ya kwao na historia yao ya ubaguzi, siyahamishi kuyaleta Lamu kama yalivyo. Lakini nikikumbuka ule ufukwe na wanaume wanane na yule mzee wa kunoa, naelewa walichokiona.

Na wale wanaosema mtoto wa mama peke yake ashaharibika, naomba wanyamaze kidogo. Huko Hawaii, kisiwa cha Kauai, Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa 1955 mpaka utu uzima. Wale waliozaliwa kwenye shida nyingi kwa pamoja, umaskini, ugomvi, wazazi wagonjwa, kama theluthi moja walikua watu wazima wema wenye kazi na familia, na kimoja walichokuwa nacho ni mtu mzima imara aliyewajali, awe mzazi, nyanya au mtu wa nje. Katika kisa chetu mama ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa usiku, ndiye aliyepokea kila simu ya magharibi, ndiye aliyekubali mwanawe apelekwe na akaenda kukagua. Mjomba na fundi walifanya kazi kwa idhini yake. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu sio kila mwanamume anayejitolea kumlea mtoto wa watu ana nia safi, sote tunajua na hatusemi. Kazi iwe mahali pa wazi, watu wawepo, mama ajue saa ya kwenda na kurudi, zawadi za siri zisiwepo, na mtu akikasirika kwa kuulizwa maswali ujue ushapata jibu. Fundi huyu aliulizwa na mama maswali mengi siku ile ya kwanza na aliyajibu yote, akamletea na kiti.

Maalim wake wa chuoni naye alikuwa na mchango, kila Maulidi anamtafuta apige matari na wenzake msikiti wa Riyadha, aonekane mbele za watu kwa jambo jema. Ni dogo lakini kijana analitaja.

Baba alikuja idi ya 2023. Nilikuwa na hofu nayo hiyo siku. Kijana alishapanga maneno ya kumwambia, miaka yote ile. Fundi alisikia, akatuma waje wote Matondoni, akamkalisha baba kwenye gogo la mbambakofi akampa kahawa, akamwonyesha gubeti, ile sehemu ya mbele, ya mashua iliyokuwa juu ya magogo, akamwambia mwanao ana mkono. Hakusema mimi nimemlea. Baba akapitisha kiganja kwenye ubao akauliza hii amefanya yeye? Kijana akasema, mimi. Yale maneno hakuyasema siku hiyo. Sasa wanapigiana simu, si sana, lakini si za idi peke yake.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2023 alipata D ya jumlisha. Kuna waliosikitika, mimi sikusikitika, nilimkumbuka alipokuwa 2020. Kilichomfungua macho kuhusu kesho yake ni ile Flipflopi, mashua iliyojengwa hapa Lamu kwa plastiki za kuokotwa, fundi wake mkuu Ali Skanda, ikashushwa 2018 na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Zanzibar. Fundi wa Mwanagenzi kule Matondoni hataki hata kusikia mashua ya plastiki, wanabishana hapo mpaka basi, lakini kijana aliona fundi wa Lamu anazungumza na dunia kwa sababu ya mikono yake. Akaenda akafanya mtihani wa useremala wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, gredi ya tatu, akafaulu. Ada nusu alilipa mjomba, na najua alikuwa anadaiwa petroli wakati ule.

Mimi nilimwomba msamaha. Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri. Akaniambia, mwalimu, ile Jumamosi ya sita nilileta maswali yote nimeyamaliza, nilitaka uyaone. Sina la kuongeza hapo. Siku hizi Jumamosi nakwenda Matondoni, sikosi, na nikikosa napiga simu kabla.

Jumamosi iliyopita nilimkuta na mtoto mdogo hivi, wa miaka kumi na mbili, kajaa pamba mikononi, anazungushia misumari. Sikuuliza ni wa nani. Jua lilipoanza kushuka Mwanagenzi akafuta mikono, akatoa simu, akapiga. Nikamsikia anasema, naam mama, yuko, yuko hapa na mimi, namtia kwenye boti sasa hivi.